Kodi Iliyoandikwa Nyuma ya Kadi ya Kliniki

Jumanne. Mvua tangu alfajiri, haijapumzika.

Daftari langu, nisamehe kwa kukutupa. Mara ya mwisho kukuandikia Shabani alikuwa bado tumboni, na sasa ana miezi mitatu, anacheka akisikia sauti yangu. Kila siku nilisema kesho nitaandika. Kesho ikifika kuna nepi, kuna mchele wa kutwanga, kuna vitumbua vya kupeleka Msamala kabla watu hawajaingia kazini. Leo nimekufungua kwa sababu ninaogopa, na najua si tabia nzuri kumtafuta mwenzio siku ya shida tu. Lakini kuna mambo siwezi kumwambia mtu mwenye mdomo.

Ni saa tisa mchana, ila ndani kumeingia giza kama magharibi. Bati linapigwa mpaka sijisikii nikikohoa. Shabani amelala. Akiamka nitaishia hapo nitakapokuwa.

Ninaogopa kunyang'anywa chumba hiki.

Nikiliandika linaonekana dogo. Chumba kimoja tu cha Bombambili, dirisha la mbao lisilofunga vizuri, na pale pembeni panavuja, nimetega beseni. Wapangaji wangapi wanahama kila mwezi, wanabeba godoro kichwani, wanaendelea na maisha? Ila mimi chumba hiki nimemwahidi mtu.

Hawa, binti yangu wa kwanza, yuko Mbesa kwa mama yangu tangu Oktoba. Nilimpeleka nilipokaribia kujifungua, miguu imevimba hata kuinama siwezi, na baba yao ameshakwenda Tunduru kutafuta mawe ya thamani mtoni kama wanaume wengine wote waliosikia kuna watu wameamka maskini wakalala matajiri. Siku ya kuachana Hawa hakulia. Aliniuliza kitanda chake kitakaa wapi akirudi. Nikamwambia chini ya dirisha. Akaniuliza dirisha lipi. Nikamwambia, lile letu, tuna dirisha moja tu. Akaridhika.

Ana miaka minne. Mtoto wa miaka minne ahadi haisahau. Anachosahau ni sura.

Sasa nieleze vizuri, nisije nikajichanganya mwenyewe.

Mwenye nyumba hii alikuwa Mzee Ngonyani, Mungu amrehemu. Alikuwa amefiwa na mkewe, na wazazi wetu hakuwajua, lakini alitukalisha kama wanawe. Kusoma hakujua, ila kwenye hesabu hakuna aliyemdanganya. Kodi zetu aliziweka kwa mkaa, ukutani, nyuma ya mlango wa chumba chake. Kwa kuwa majina hakuweza kuandika, alituchora. Fundi cherehani, aliyekuwa chumba cha mbele, alichorewa mkasi. Jirani yangu Mama Kapinga alichorewa mdomo, na Mama Kapinga mwenyewe ndiye aliyekuwa anacheka kuliko wote. Mimi nilichorewa beseni la vitumbua. Chini ya kila picha, kijistari kimoja kwa kila mwezi uliolipwa.

Mbali na ukuta wake, ukitaka karatasi unaandika mwenyewe, unamsomea, anaweka dole gumba. Ndivyo tulivyofanya miaka yote na hakuna aliyewahi kugombana na mwenzake.

Karatasi yangu ya mwaka juzi iliondoka kijinga. Nilikuwa nafungia vitumbua kwenye karatasi za daftari la zamani, nikachomoa na ile yenye kodi humo humo, nikamfungia fundi baiskeli vitumbua vinne. Nilipomfuata akaniambia, "Mama Hawa, karatasi nilifutia mikono, ilikuwa na mafuta mazuri." Nilicheka naye, ila moyo uliniuma. Nikajiapiza: safari nyingine nitaandika mahali ambapo mama hapotezi.

Na mama hapotezi kadi ya kliniki. Mvua ikiingia ndani, moto ukiwaka, mama anabeba mtoto na kadi. Kwa hiyo Septemba, baba yake Hawa alipotuma hela ya jiwe lake la kwanza kwa mkono wa rafiki yake, nilikwenda kwa Mzee nikiwa na Hawa, nikamhesabia kodi ya miezi sita, Oktoba mpaka Machi, mkononi mwake. Akazihesabu mara mbili, akachora vijistari sita chini ya beseni. Halafu nikaandika nyuma ya kadi ya Hawa, nikamsomea, nikampaka wino wa kalamu kwenye dole gumba la kulia, akabandika.

Hawa akasema, "Na mimi!"

Nikamwambia acha ujinga. Mzee akasema mwache, huyu ndiye shahidi. Akamshika kidole mwenyewe, akampaka, akambandikisha pembeni ya chake. Kikakaa kimoja kikubwa na kimoja kama punje ya kunde. Tukacheka wote watatu.

Mwezi uliofuata kadi ikaondoka na mwenyewe kwenda Mbesa. Mtoto hasafiri bila kadi. Niliifunga kwenye khanga pamoja na nguo za Hawa, nikampa mama, nikasema ampeleke kupimwa uzito kila mwezi. Sikukumbuka hata kidogo kwamba nimempa mama na kodi yangu.

Mwisho wa Novemba Mzee aliugua siku nne tu, akafariki.

Hapa ndipo ninapojiuma vidole. Maiti ilikuwa bado hospitali, padri anakuja jioni kusali na waombolezaji, na nyumba imechoka. Wanawake tukagawana kazi. Wengine uani wanapika, wengine wanafagia, mimi na Mama Kapinga tukapewa chokaa tupake chumba cha marehemu. Nilikuwa na Shabani mgongoni. Tukafunga mlango ili tupake nyuma yake, na pale pakawa na picha zetu. Mama Kapinga akaona mdomo wake, akaangua kilio, akasema, "Nipake mimi mwenyewe, mtu wangu ameondoka na utani wake." Mimi nikaona beseni langu na vijistari sita. Nikatabasamu huku machozi yananitoka. Nikachovya ufagio kwenye ndoo, nikapaka.

Mkono wa kwanza picha zilionekana kwa mbali. Nikapaka wa pili.

Kwa mkono wangu mwenyewe, daftari. Hakuna aliyenituma kufuta kodi yangu. Tuliona aibu tu padri asione mkaa ukutani.

Mtoto wa Mzee ni Festo. Alikuwa Dar, kiwandani. Kiwanda kimeuzwa, wafanyakazi wamepunguzwa, akapewa kiinua mgongo chake, akarudi Songea na mke na watoto watatu wanaoona baridi. Anataka kuvunja ukuta wa mbele atengeneze fremu za maduka, maana sasa kila mtu anafungua duka, barabara hii itajaa. Simlaumu kwa hilo. Mtu amepewa hela ya kazi yote ya ujana wake mara moja, anaogopa itaisha kabla hajaipanda mahali. Namuona anavyotembea uani asubuhi, mikono nyuma, midomo inahesabu. Na yeye ana hofu. Hofu yake ndiyo inayonitisha, kwa sababu mtu mwenye hofu hasikilizi.

Baada ya sikukuu alituita wapangaji. Fundi cherehani alishahama. Tukabaki mimi na Mama Kapinga. Akasema daftari la baba yake halipo, kwa hiyo kila mtu alete uthibitisho. Mwenye risiti atakaa mpaka kodi yake iishe, asiye nayo alipe upya tangu Oktoba au aondoke.

Mama Kapinga akajibu pale pale, "Mimi risiti hazinisumbui, mwanangu. Mimi sijalipa."

Festo mwenyewe alishindwa, akacheka. Mama Kapinga akalipa nusu ya deni wiki ile ile, nusu anamalizia, mambo yake yamekwisha. Kumbe aliyekuwa na deni ana nafuu kuliko mimi niliyelipa.

Nikamwambia Festo kodi yangu iko nyuma ya kadi ya mtoto, na kadi iko Mbesa. Akaniangalia kama mtu anayesikiliza mtoto akidanganya. "Dada," akasema, "mimi nimefanya kazi Dar miaka kumi na nne. Sijawahi kuona kodi ya nyumba kwenye kadi ya kliniki."

Hapa naandika na lile ambalo sijamwambia mtu. Wiki iliyopita alikuja na fundi mwashi. Nilisikia viatu vyao uani. Sikufungua. Nilikaa nyuma ya mlango, nikamtia Shabani titi mdomoni asilie, nikabana pumzi. Wakawa wanapima mlango wangu kwa nje kwa futi kamba, mimi niko ndani. Fundi akasema, "Hapa tukipanua pande zote mbili, shata ya duka inaingia." Futi kamba ilikuwa inagonga mbao sentimita chache kutoka mgongoni kwangu. Sijawahi kuiba kitu cha mtu maishani, lakini pale nilijificha kama mwizi, ndani ya chumba nilichokilipia.

Na lile jingine, ambalo ni baya zaidi.

Jumapili mchana, watu wakiwa kanisani na nyumba iko kimya, nilichukua kadi ya Shabani. Nikaigeuza. Nyuma ni nyeupe. Nikachukua kalamu, nikaandika maneno yale yale niliyoandika Septemba, nayakumbuka yote: Nimepokea kodi ya miezi sita, Oktoba hadi Machi, kwa Zuhura, Mama Hawa. Nikavunja mrija wa kalamu, nikapaka wino dole gumba langu la kulia. Nilijiambia si uongo, hela nilitoa kweli, ninarudisha tu kilichokuwepo.

Kidole kilikuwa hewani, kimebaki kidogo kigonge karatasi, nikakumbuka kovu.

Mzee alikatwa na panga zamani, akichonga nguzo za kukaushia tumbaku. Kovu lilikatiza dole gumba lake la kulia toka upande mpaka upande, kama mstari mwalimu anaopiga juu ya jumla. Kila alipobandika, alama ilitoka vipande viwili. Changu kingetoka kizima. Festo angelijua kovu la baba yake hata gizani.

Ningependa kusema kilichonizuia ni dini yangu. Kilichonizuia ni kovu. Dini ilikuja baadaye, nikiwa nimekaa chini nalia, na kadi ya mtoto wangu wa miezi mitatu imeandikwa uongo ambao ni kweli. Niirarue sehemu ile? Nisingeweza, upande wa mbele kuna chanjo zake. Nikayapiga mistari yale maneno mpaka yasisomeke. Muuguzi akiuliza nitasema dada yake alichezea.

Unaona? Uongo mmoja ulikataa, mwingine umeshazaliwa.

Wino haukutoka. Nilisugua kwa majivu, kwa ndimu, kwa mafuta ya taa. Ngozi ilibaki na zambarau ndani ya mistari ya kidole. Na leo asubuhi ndiyo ilikuwa siku ya shauri letu kwa mjumbe.

Mjumbe wetu wa nyumba kumi ni Mzee Haule. Zamani neno lake lilikuwa linatosha. Akisema fulani kalipa, kalipa. Siku hizi vyama vimekuwa vingi na watu hawajui tena mjumbe ni wa wote au ni wa chama chake. Tulikaa kwenye kibaraza chake, mvua inatunyeshea miguuni, mimi na Shabani, Festo, na Mama Kapinga ambaye hakuitwa na hakuna aliyethubutu kumuuliza amefuata nini.

Nilimwamkia mzee shikamoo, akaitikia, akatuambia tuseme mmoja mmoja. Nikasema yangu. Festo akasema yake, na katikati akamwambia mzee, kwa heshima lakini alisema, "Mzee wangu, wewe mjumbe wa chama chako. Mimi sijui kama nina chama."

Mzee Haule akavuta miguu yake ndani isilowe. Kisha akasema, "Festo, chama kimoja unacho. Cha watoto wa Ngonyani. Kaa chini."

Mama Kapinga akapiga makofi mara moja, akajizuia.

Mimi mkono wangu wa kulia nilikuwa nimeuficha chini ya khanga ya Shabani. Shabani akaanza kuteleza. Nikamdaka. Ndipo kidole kikatoka nje.

Festo alikiona. "Mama Hawa," akasema polepole, "kidole hicho vipi? Umetoka kupiga kura?"

Nilijua kwa wakati ule kwamba hata kadi ikifika, atasema nimeigonga mwenyewe. Nimejiharibia ushahidi wa kweli kwa kujaribu kutengeneza wa uongo. Mama Kapinga akadakia, "Kalamu imemvujia, wewe huoni mwenzio anaandika andika kila siku?" Si kweli, daftari langu, wewe ndiye unayejua nina miezi mingapi sijaandika. Alikuwa ananiokoa. Ningeweza kunyamaza nikaokoka.

Sikunyamaza. Sijui nguvu ilitoka wapi, labda uchovu tu. Nikasema, "Mzee Haule, Mama Kapinga ananipenda, lakini si kalamu. Jumapili nilitaka kugonga kidole changu nijifanye Mzee. Nikashindwa. Sikugonga. Ile ya kweli iko Mbesa, na kwenye ile ya kweli kuna kovu."

Maji yanatiririka tu kwenye mapaa.

Festo aliangalia chini. Nilipotaja kovu, niliona mkono wake wa kushoto umeshika dole gumba lake la kulia, analisugua pale pale baba yake alipokatwa. Sidhani alijua anafanya hivyo.

Mama Kapinga akanong'ona, lakini kunong'ona kwake kunasikika mpaka sokoni, "Huyu Myao atanitia wazimu. Nimemkatia mlango wa kutokea, yeye kaufunga."

Mzee Haule akatoa neno lake. Kadi ije. Festo alete kitabu cha baba yake cha ushirika, kile alichobandikia kidole kila akipeleka tumbaku. Vilinganishwe hapo kibarazani, Jumapili ya wiki ijayo, wakitoka misa. Kovu likiwepo, nakaa mpaka Machi na hakuna kugusa mlango. Kadi isipokuwepo, Jumatatu natoka.

Festo akasema, "Na kama akija na kadi yenye kovu la kuchora kwa wembe?" Hakusema kwa ukali tena. Alisema kama mtu anayetaka ajibiwe.

Mzee akasema, "Basi utakuwa umempata mwanamke hodari kuliko sisi wote, mpangishe bure."

Nimerudi hapa nikiwa nimelowa. Siku kumi na mbili. Sijui kama zinatosha.

Kwenda Mbesa kiangazi ni safari ya siku moja, mbili ukikosa bahati. Masika hii watu wanalala njiani, lori limezama hadi ekseli, wanapika ugali chini ya turubai. Kesho alfajiri kuna lori la chumvi linaelekea Tunduru, na utingo wake ni mtu anayekula vitumbua vyangu kwa mkopo, nimemwambia leo ndiyo siku ya kulipa. Barua yangu kwa mama ataishusha Mbesa. Kurudi ni Mungu.

Kinachonitisha zaidi ni kadi yenyewe. Nimekaa hapa nahesabu yote yanayoweza kuwa yameipata. Muuguzi anaweza kuwa ameandika nyuma, wakijaza mbele wanageuza. Wanaweza kuwa wamempa Hawa kadi mpya na ya zamani wakaitupa. Mama anaweza kuwa ameichomeka kwenye paa la nyasi, ndiko anakoweka kila kitu cha maana, na nyasi zikawa zimevuja. Mchwa. Panya. Na kama wino wenyewe ulipauka? Ulikuwa wino wa kalamu tu, si wa muhuri.

Kisha nikajiuliza jambo ambalo lilinifanya niweke kalamu chini nikamwangalia Shabani muda mrefu. Nikiomba kadi, Hawa atapimwa kwa kadi gani? Namwondolea mwanangu karatasi yake ya afya, niitumie kutetea chumba ambamo yeye mwenyewe hayumo. Nimeshamtoa yeye. Sasa naitoa na kadi yake.

Na kuna lile la kidole changu. Festo ameuliza kovu la wembe, na watu wataliuliza baada yake, mtaani, kisimani, kwa mwaka mzima. Kovu linaweza kuchorwa, sawa. Lakini pale pembeni kuna kidole kingine, cha punje ya kunde. Hicho hakuna mtu mzima awezaye kukigonga. Hata mimi mama yake siwezi. Mzee alisema mwenyewe, huyu ndiye shahidi. Nilidhani anatania.

Naogopa barabara. Naogopa mto ukijaa daraja likienda. Naogopa mama yangu na magoti yake juu ya magunia ya mpunga, na mtoto wa miaka minne katikati ya wanaume wanaotoka kwenye mawe. Naogopa afike Jumapili jioni, kila kitu kimekwisha, anikute nimekaa juu ya godoro barabarani, aniulize dirisha liko wapi.

Lakini nimekaa miezi mitatu nikingoja mvua ziishe, hela ije, baba yao arudi, ndipo nimchukue. Nimefanya chumba kiwe kitu cha kwanza na mtoto awe wa pili. Chumba kikiwepo au kisiwepo, mimi ndiye mama yake. Tukilala chini ya meza ya Mama Kapinga tutalala wote watatu.

Shabani anajinyoosha, ataamka sasa hivi. Barua nimeimaliza. Nimemwamkia mama, nimemweleza shauri lote bila kuficha hata lile la wino, na nanakili hapa mwisho wake ili nikumbuke nilichoomba.

Mama, naomba unitumie kadi ya Hawa, ya zamani, ile yenye madole mawili nyuma. Usiikunje. Ifunge kwenye nailoni, halafu kwenye kitambaa, halafu nailoni tena.

Kama kliniki walimpa mpya, nenda kaulize ya zamani, usikubali wakikwambia haipo mpaka uangalie kwenye boksi mwenyewe.

Mchele wa vitumbua, hata pishi mbili, nimebakiwa na wa kesho.

Habari yoyote ya baba yake, nzuri au mbaya, kutoka kwa yeyote anayetoka mtoni.

Dawa yako ya magoti, uje nayo, hapa ni ghali.

Na mwenye kadi. Mvalishe sweta, mpakate mwenyewe njia nzima, uniletee.